Majira Manne na Korongo Lililozama: Safari za Eliot Porter katika Historia ya Picha za Rangi

Tangu ufundi wa kupiga picha ulipotangazwa Ufaransa katika mwaka 1839, macho ya walimwengu yalizoea kwa muda wa karibu miaka mia kuitazama nchi katika weusi na weupe. Milima, mito, misitu na majangwa yaliletwa mbele ya watu ambao hawakupata kuyafikia kwa miguu yao, lakini yaliletwa pasipo rangi zake. Jani bichi na jani lililokauka yaliweza kuonekana sawa katika karatasi. Mwamba mwekundu na kivuli chake vilitofautiana kwa kiza tu. Basi majira ya mwaka, ambayo katika nchi nyingi hutambulikana kwa rangi kabla ya kutambulikana kwa alama nyingine, yalikosa shahidi wa kweli katika picha. Makala haya yanaeleza habari za Mmarekani mmoja, Eliot Porter, aliyesafiri miaka mingi kuyatafutia majira shahidi huyo, na habari za korongo moja ambalo shahidi alilifikia likiwa limekwisha kuhukumiwa.

Haitakuwa haki kudhani kwamba hapakuwa na waliotangulia. Katika mwaka 1861 James Clerk Maxwell, mwanachuoni wa Scotland, alionyesha London ya kuwa rangi zote zinazoonekana na jicho zaweza kufanyizwa kwa kuchanganya mianga mitatu: mwekundu, wa kijani na wa buluu. Kanuni hiyo ndiyo mama wa karibu kila njia ya picha za rangi iliyofuata. Mrusi Sergei Prokudin-Gorsky aliitumia katika safari zake kubwa baina ya mwaka 1909 na 1915, alipopewa idhini na msaada na Mfalme Nicholas II aizunguke dola yake. Kila mahali alipiga picha tatu mfululizo, kila moja kupitia kioo cha rangi yake, kisha akaziunganisha kwa taa. Milima na majengo yalitulia yakatoka vizuri. Lakini maji ya mto na majani yaliyotikiswa na upepo hayakusubiri, na hata leo katika picha zake maji yale yana michirizi ya rangi kama ya upinde wa mvua. Kwa upande wa Ufaransa, ndugu wawili Lumière walianza kuuza katika mwaka 1907 vioo vilivyopakwa chembe za wanga wa viazi zilizotiwa rangi, na tajiri Albert Kahn akawatuma wapiga picha wake na vioo hivyo katika nchi nyingi za dunia tangu mwaka 1909 mpaka 1931. Walakini kila kioo kilikuwa kimoja tu, kizito, chenye kutaka mwanga mwingi, wala hakikuwa rahisi kuzalishwa kwa wingi ili watu wengi wakione.

Mlango ulifunguka zaidi katika mwaka 1935, kampuni ya Kodak ilipotoa filamu ya Kodachrome, iliyobuniwa na wanamuziki wawili, Leopold Mannes na Leopold Godowsky mdogo. Sasa rangi zote tatu zilikamatwa kwa mara moja katika filamu moja. Lakini ufundi ulipokwisha kupatikana, heshima ilikuwa bado. Mabingwa wengi wa sanaa ya picha waliona rangi kuwa ni jambo la matangazo ya biashara na la watalii, si la msanii. Ansel Adams, aliyesifika kuliko wote kwa picha za milima ya magharibi ya Marekani, alijenga jina lake juu ya weusi na weupe. Mtu aliyechagua rangi katika siku hizo alichagua kusimama nje ya baraza.

Eliot Porter alizaliwa mwaka 1901 katika mji wa Winnetka, karibu na Chicago. Jamaa zake walikuwa watu wa uwezo, na katika mwaka 1912 baba yake alinunua kisiwa kiitwacho Great Spruce Head katika ghuba ya Penobscot, jimbo la Maine. Huko ndiko mtoto alikojifunza kuwapiga picha ndege kwa kamera ndogo ya kitoto. Hata hivyo elimu yake haikuwa ya sanaa. Alisoma uhandisi wa kemia katika Chuo Kikuu cha Harvard, kisha akahitimu udaktari wa tiba hapo hapo mwaka 1929, akafanya kazi ya kufundisha na kuchunguza mambo ya kemia ya viumbe na vijidudu. Kupiga picha kulikuwa kazi ya saa zake za faragha mpaka Alfred Stieglitz, mwenye nyumba mashuhuri ya maonyesho katika New York, alipokubali kuonyesha picha zake mwishoni mwa mwaka 1938 na mwanzoni mwa 1939. Picha hizo zilikuwa za weusi na weupe. Baada ya maonyesho hayo Porter aliiacha kazi ya Harvard.

Sababu iliyomwingiza katika rangi haikuwa mvuto wa uzuri peke yake. Ilikuwa haja ya elimu. Alitaka kutoa kitabu cha ndege, na mchapishaji akamjibu kwamba katika picha zisizo na rangi msomaji hangeweza kutofautisha aina moja ya ndege na nyingine. Jibu hilo liliangukia masikio ya mtu aliyeijua kemia. Alijifunza Kodachrome, akajifunza kutengeneza chapa zake mwenyewe, na katika mwaka 1943 Jumba la Sanaa za Kisasa la New York likaonyesha picha zake za ndege katika rangi. Inafaa kukumbuka asili hii, maana inaeleza tabia ya kazi yake yote iliyofuata. Kwa Porter rangi haikuwa pambo lililovikwa juu ya kitu. Ilikuwa sehemu ya habari za kitu chenyewe, kama vile manyoya yanavyotambulisha ndege.

Katika mwaka 1946 alihamia Tesuque, karibu na Santa Fe katika New Mexico, na huko akakaa maisha yake yote yaliyobaki. Lakini misitu ya kaskazini-mashariki ya Marekani, nchi iitwayo New England, iliendelea kumwita. Huko mwaka una majira manne yaliyo mbali mbali kama ndugu wasiofanana: baridi yenye theluji, machipuo, joto, na wakati wa kupukutika majani. Majira hayo ya nne ndiyo yenye sifa kubwa ya rangi, na sababu yake imekwisha kujulikana. Ukijani wa jani unatokana na klorofili, ambayo mti huitengeneza upya daima wakati wa joto. Siku zikifupika na usiku ukianza kuwa wa baridi, mti huacha kuitengeneza. Ukijani hufifia, na umanjano uliokuwa umejificha chini yake hutokea. Katika miti mingine, hasa ile ambayo utomvu wake huchemshwa ukawa sukari, jani linapokaribia kufa hutengeneza rangi mpya nyekundu iliyo kali kama moto. Mtu anayezitaka rangi hizo hana budi kuwapo mahali pale katika siku chache zenyewe, kwa kuwa mvua moja ya upepo yaweza kuyamaliza yote.

Basi Porter alisafiri kwa kufuata kalenda ya miti. Alichukua kamera kubwa yenye filamu ya inchi nne kwa tano, iliyosimamishwa juu ya miguu mitatu, na kwa kuwa filamu za rangi za wakati huo zilikuwa na wepesi mdogo wa kupokea mwanga, mara nyingi alingoja upepo utulie kabisa. Hakupenda sana kupiga picha za mandhari pana yenye vilele na mawingu. Alisogea karibu: majani machache yaliyoelea juu ya kidimbwi cheusi, kuvu katika gome la mti, majani makavu yaliyoshikwa na barafu. Alipendelea pia siku za mawingu, kwa kuwa jua kali hukata vivuli vyeusi na kuziua rangi za upole, bali mwanga wa mawingu huzitandaza zote sawasawa.

Nyumbani kazi ilikuwa ndefu kuliko safari. Porter alizalisha picha zake kwa njia ya kuhamisha rangi. Filamu iliyopigwa hunakiliwa katika filamu hasi tatu kupitia vioo vya rangi tatu. Kutokana na hizo hufanywa kalibu tatu za jelatini. Kila kalibu huchovywa katika rangi yake, moja ya buluu yenye ukijani, moja ya wekundu wa kizambarau, na moja ya manjano. Kisha hugandamizwa moja baada ya moja juu ya karatasi ile ile, na kila moja sharti iangukie mahali pa mwenziwe pasipo kukosea hata upana wa unywele. Wenye kuitetea sanaa ya weusi na weupe walizoea kusema kwamba picha ya rangi ni kazi ya mashine. Mtu aliyeshinda siku nzima juu ya chapa moja, akipunguza wekundu hapa na kuongeza umanjano pale, alikuwa amekwisha kuwajibu kwa mikono.

Mke wake Aline, aliyekuwa mchoraji, ndiye aliyemwonyesha ya kuwa picha hizo za misitu zilifanana na maandishi ya Henry David Thoreau, mwandishi wa Massachusetts aliyefariki mwaka 1862. Porter alizisoma kazi za Thoreau kwa miaka kadhaa na kuzilinganisha na picha zake, akizipanga kwa utaratibu wa majira. Wachapishaji waliiogopa gharama. Hatimaye kazi hiyo ilipokewa na David Brower, mkurugenzi mtendaji wa Sierra Club, chama cha kuhifadhi mazingira kilichoanzishwa California mwaka 1892. Kitabu kilitoka mwaka 1962, mwaka wa mia tangu kufa kwa Thoreau, kwa jina la In Wildness Is the Preservation of the World. Bei yake ilikuwa dola 25, fedha nyingi kwa kitabu katika siku hizo, na hata hivyo kilinunuliwa kwa wingi. Mwaka 1967 kikatolewa tena katika chapa ya bei nafuu. Tangu hapo hapakuwa na mchapishaji aliyeweza kusema kwamba watu hawataki vitabu vya picha za rangi za nchi.

Hapo ndipo historia ya sanaa inapokutana na historia ya siasa. Mto Colorado hupita katika majangwa ya magharibi, na katika mpaka wa Utah na Arizona ulikuwa umechimba korongo ambalo John Wesley Powell, aliyeuteremka mto huo kwa mashua mwaka 1869, aliliita Glen Canyon. Katika miaka ya 1950 Serikali ya Marekani ilikusudia kujenga mabwawa kadhaa juu ya mto huo na matawi yake. Moja lingejengwa Echo Park, ndani ya hifadhi ya Dinosaur, na Sierra Club ilipigana nalo kwa nguvu zake zote. Ilishinda: sheria ya mwaka 1956 iliiacha Echo Park, na chama kikaacha kuupinga mpango uliobaki. Ndani ya mpango huo lilikuwamo bwawa la Glen Canyon. Watu waliofanya mapatano hayo, Brower akiwa mmoja wao, walikuwa hawajalijua vizuri korongo walilokubali lizamishwe.

Porter aliliingia korongo hilo kwa mara ya kwanza mwaka 1960, naye alirudi mara kadhaa katika miaka iliyofuata, huku ukuta wa bwawa ukipanda. Alikuta rangi ambazo misitu ya New England haikumfundisha. Chini ya magenge marefu jua halifiki chini moja kwa moja. Mwanga hupiga ukuta wa upande mmoja, ukachukua wekundu wake na kuutupa juu ya ukuta wa pili, na mahali ambapo ukuta haukupata mwanga huo hupokea buluu ya mbingu peke yake. Hivyo mwamba ule ule wa mchanga huonekana wa rangi ya chungwa hapa, wa zambarau pale, na kidimbwi kilicho katikati hukusanya rangi zote mbili. Juu ya magenge hushuka michirizi myeusi na ya hudhurungi, ambayo ni utando wa chuma na manganizi. Katika korongo dogo la pembeni palikuwa na pango kubwa lililoitwa Cathedral in the Desert, lenye maporomoko membamba ya maji na kuvumwani kijani chini yake.

Mwanzoni mwa mwaka 1963 milango ya bwawa ilifungwa, na maji yakaanza kupanda. Mwaka huo huo Sierra Club ilitoa kitabu cha pili cha Porter, The Place No One Knew. Katika dibaji yake Brower alikiri hadharani sehemu yake ya lawama kwa kifo cha korongo hilo. Ziwa lililozaliwa, ambalo liliitwa Powell kwa jina la yule msafiri wa kwanza, lilichukua miaka 17 kujaa, mpaka mwaka 1980. Yule aliyenunua kitabu alikuwa akitazama rangi za mahali ambapo kila mwezi palizidi kuwa chini ya maji.

Yafaa kuuliza picha hizo zilifaa nini. Hazikuiokoa Glen Canyon, zilichelewa. Walakini mpango mwingine wa mabwawa, uliogusa Grand Canyon yenyewe, ulipopelekwa bungeni katika miaka iliyofuata, raia waliupinga kwa kelele ambazo hazikusikiwa hapo mwanzo, na sheria ya mwaka 1968 ilipita bila ya mabwawa hayo. Sheria ya kuhifadhi nyika ilikuwa imekwisha kutiwa saini mwaka 1964. Haitakuwa sahihi kusema kwamba vitabu vya Porter ndivyo vilivyoyaleta hayo, kwa maana watu wengi na hoja nyingi zilishiriki. Kilicho hakika ni kwamba wateteaji walikuwa sasa na mfano wa kuonyesha: hasara ambayo zamani ingeelezwa kwa hesabu za maji na umeme iliweza kutazamwa kwa macho.

Upande wa pili wa hoja nao una haki ya kusikiwa. Picha nzuri huchagua. Katika kurasa za Porter ni nadra kuonekana mtu, barabara au kisiki kilichokatwa, na msomaji aweza kusahau kwamba makorongo ya Colorado yalikaliwa na watu kwa karne nyingi, wenye nyumba za mawe na michoro katika magenge, nayo ikazama pamoja na vingine. Tena uzuri ukitangazwa huwaita wageni, na wageni wakizidi huchakaza kile walichokijia. Porter mwenyewe aliingia katika baraza ya uongozi ya Sierra Club mwaka 1965, akatumika humo mpaka 1971. Hakuiona kamera kuwa mbadala wa kazi ya kutetea.

Kwa msomaji wa Kiswahili, safari hizi zina jambo la karibu zaidi. Katika mwaka 1972 picha alizozipiga Porter katika Afrika Mashariki zilitolewa pamoja na maandishi ya Peter Matthiessen katika kitabu The Tree Where Man Was Born. Aliyezoea majira manne alifika katika nchi zenye hesabu nyingine ya mwaka. Pwani ya Waswahili majira hupewa majina kwa upepo na mvua: kaskazi na kusi, masika na vuli, kipupwe, demani na kiangazi. Rangi za nchi huyafuata: uwanda wa Serengeti huvaa kijani kwa mvua na umanjano kwa ukame, na mbuyu huangusha majani yake si kwa baridi bali kwa ukavu. Kwa hiyo mfasiri anapoyaita majira ya majani mekundu ya New England kwa jina la vuli, huenda akampotosha msomaji wake, kwa kuwa vuli ya Mswahili ni wakati wa mvua na wa kuchipua. Maneno mawili haya hukutana katika kalenda, katika miezi ya Oktoba na Novemba, lakini machoni yamepingana.

Swali la rangi ni gumu zaidi. Katika Kiswahili rangi tatu tu zina vivumishi vinavyopatana na majina kwa viambishi: -eupe, -eusi na -ekundu. Nyingine nyingi huazimwa katika vitu: kijani katika jani, kijivu katika jivu, kahawia katika kahawa, zambarau katika tunda, chungwa vile vile, manjano katika kiungo cha mchuzi, na wekundu uliokolea sana huitwa damu ya mzee. Wako waliodhani huu ni upungufu. Kinyume chake, ndiyo kanuni ile ile iliyomwongoza Porter: kwamba rangi haisimami peke yake katika hewa, ni rangi ya kitu fulani, mahali fulani, kwa wakati wake. Lugha inayosema rangi ya jani inadai kwamba jani liwepo.

Dai hilo halikubaki la wanasarufi. Tangu mwaka 2000 ukame umekaa muda mrefu katika bonde la Colorado. Katika mwaka 2005 maji ya ziwa Powell yalishuka hata pango la Cathedral in the Desert likaonekana tena kwa kitambo, na mwanzoni mwa mwaka 2023 ziwa lilipungua kuliko wakati wowote tangu lilipojazwa. Juu ya magenge yaliyofunuliwa umebaki mkanda mpana mweupe wa chokaa uliowekwa na maji, na chini yake matope. Anayetaka kujua magenge hayo yalikuwa na rangi gani kabla ya mwaka 1963, na anayetaka kupima ni kiasi gani cha rangi hizo kinarudi, hana budi kuzirejea picha za Porter. Mwenyewe alifariki mwaka 1990, akiisha kuacha hazina ya kazi zake katika Jumba la Amon Carter huko Fort Worth, Texas. Zilipigwa kwa kuaga. Sasa zatumika kama kipimo.